Koma Mbili

Baba mdogo alisimama mlangoni mwa ofisi yetu bila sare yake ya ulinzi, barua mkononi. Kiingereza kilimpiga chenga maisha yake yote, kwa hiyo aliniomba nimsomee.

"Wamekuachisha kazi," nikamwambia. "Wanasema ulikuwa umelewa ukiwa zamu."

"Mimi?" akauliza taratibu. "Pombe hata ladha yake siijui."

Nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Wiki mbili nyuma, lori lilirudi kinyumenyume getini likamvunja mpakizi mguu. Baba mdogo alieleza alichokiona bila kumung'unya maneno. Karani mkuu akayaandika kwa Kiingereza, mimi nikayapiga chapa, barua ikaenda makao makuu.

Nikatoa nakala kwenye jalada. Rasimu ya karani mkuu ilikuwa imebanwa nyuma yake. Kwa Kiswahili ingesomeka: *Dereva, alisema mlinzi, alikuwa amelewa.* Mimi nilikuwa nimechapa: *Dereva alisema mlinzi alikuwa amelewa.* Siku zile koma za Kiingereza niliziona mapambo tu, tena nilikuwa na haraka.

Karani mkuu alizilinganisha karatasi zile mbili.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Ukikiri, hicho kiti huna."

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeandika barua ya pili kwa makao makuu ya kukiri kosa, nikatia sahihi yangu mwenyewe. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka niliipitia mara sita, koma kwa koma, nukta kwa nukta.

Baada ya mwezi walimrudisha getini. Mimi nilihamishiwa chumba cha majalada, nikakaa huko miaka tisa. Nilimweleza baba mdogo kosa lilikuwa la nani. Akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Nikaliamini neno lake.

Mwaka mmoja baada ya yeye kurudi getini, rafu za ghala ziliporomoka asubuhi, zikamjeruhi fundi. Baba mdogo alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Alinisimulia yote, hata bolti iliyoachia kwanza. Mchana wakaguzi walimwita. Nilikuwa napita na majalada, na mlango ulikuwa wazi.

"Mzee, uliona nini?"

Baba mdogo aliitazama kalamu ya yule aliyekuwa akiandika.

"Nilikuwa nimegeukia upande wa pili," alisema.