Mfano wa Neno Attentive

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na madirisha ya chumba cha kamusi yalikuwa yameingia ukungu.

Wahariri watatu walikaa mbele ya Mkuu wao. Walikuwa wamemaliza herufi A ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, isipokuwa neno moja: attentive. Maana yake haikuwa na ubishi. Ni mwenye kutazama au kusikiliza kwa makini, na pia mwenye kumjali mtu na haja zake. Kilichobaki kilikuwa sentensi ya mfano.

Chumba kile kilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Mfano sharti utokane na jambo lililotokea kweli, na anayejua kuwa ni uongo aseme kabla kadi yenye mfano haijagongwa muhuri. Siku hiyo Mkuu aliongeza sharti jingine: atakayetoa mfano bora ndiye atakayeongoza herufi B.

Bi Kadi alikuwa ameingoja nafasi kama hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mgeni alikuwa na miezi saba tu kazini, na jina la Mgeni lilikuwa halijamtoka, lakini sentensi zake zilipita bila kuguswa. Bi Kadi alishikwa na kijiba cha roho. Alijua Mgeni huingia saa ngapi, hutia vijiko vingapi vya sukari, amefuta neno gani na kuandika lipi. Mgeni akicheka na Mkuu, Bi Kadi huvunja ncha ya penseli.

"Babu Miwani, kadi yako i wapi?" Mkuu alimuuliza mhariri wa tatu.

"Sikuandika. Wiki hii nyumbani hakuna aliyenisikiliza hata mara moja, na ninyi uongo hamtaki."

Mkuu akasoma kadi ya Bi Kadi. "'Wanafunzi walikuwa makini mwalimu alipowaonyesha mlango wa kutokea moto ukizuka.' Safi." Akachukua ya pili. "'Dada yangu wa kazini ananijali kwa makini: Jumanne aliona nina homa kabla sijajijua, akanihimiza niende nyumbani.' Hii imebeba maana zote mbili. Hongera, Mgeni."

Mgeni alimgeukia Bi Kadi, uso umemchanua. "Ni wewe, dada. Nilikosa namna ya kukushukuru."

Mkuu akanyanyua muhuri.

Bi Kadi akinyamaza, atabaki dada mwema na B itakwenda kwa mwingine. Akisema, ataivua nguo roho yake mbele ya watu.

"Ngoja, Mkuu. Mfano huo si wa kweli."

"Kwani sikuwa na homa?" Mgeni aliuliza.

"Ulikuwa nayo, mdogo wangu. Niliiona kwa sababu nilikuwa nakuchunga asubuhi nzima kama askari. Nilitaka uondoke usihudhurie kikao cha mchana na Mkuu. Mtu wa hivyo hawezi kuitwa attentive."

"Na mwavuli ulioniazima?"

"Ulikuwa wa kukuharakisha."

"Makubwa haya!" Babu Miwani alisema. "Nami nilidhani mnapendana!"

Mkuu aliuweka muhuri kando. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza, B ingekuwa yake."

Mkuu aliukata mfano wa Mgeni kwa wino mwekundu, akaugonga muhuri mfano wa wanafunzi, akamkabidhi Bi Kadi sanduku la herufi B. Babu Miwani alikwenda kuchemsha chai na akakawia makusudi. Mgeni aliurudisha mwavuli mezani pa Bi Kadi, akahamishia kiti chake upande wa pili wa chumba, akaendelea kuandika. Bi Kadi alitoa kadi ya kwanza ya B, akausoma mstari mmoja mara tatu, kisha akainua macho kuona Mgeni anaandika nini.