Jua la Mzee Tsukuda

Kosa la Chizuru lilikuwa la kijinga, na mwenyewe alilijua. Hapa Tokyo, kabla hujachimba msingi, unapita kwa majirani na maboksi ya biskuti, unainama, unaomba radhi kwa kelele zitakazokuja. Chizuru alipita mtaa mzima. Akamsahau Mzee Tsukuda, ambaye nyumba yake inakipa kiwanja mgongo na mlango wake uko mtaa wa nyuma. Na ndiye hasa ambaye angefunikwa na kivuli cha jengo! Msanifu majengo mzima na digrii zake.

Basi mzee akavimba. Akatundika mabango ya matusi ya kistaarabu uzioni, akawajaza majirani maneno, mpaka mwenye kiwanja akaingiwa na woga. Bila mzee kuridhia, alisema, hajengi.

Kiwanja chenyewe kilikuwa upenyo tu kati ya nyumba mbili. Chizuru alikichorea jengo la mbao lenye vyumba vitatu, kimoja juu ya kingine, kuta nene za kuzuia baridi, majani yaliyopandwa juu ya paa, na kodi ambayo mtu wa mshahara mdogo angeiweza. Cha juu kilikuwa cha Minegishi, mama anayemwogesha na kumlisha huyo huyo Mzee Tsukuda, akitokea mbali kwa treni. Alikuwa ametafuta chumba karibu mpaka akachoka. Alimwomba Chizuru asimtaje, maana mzee hapendi kusikia shida za mtu anayemhudumia.

Mwishowe Chizuru alikwenda nyumbani kwa mzee kusalimu amri. Alipiga magoti mkekani, akaeleza kwamba chumba cha juu amekiondoa kwenye ramani. Jua la mzee halitaguswa.

"Sawa, nimekubali," mzee akasema. "Angalau umejifunza adabu, binti."

Chizuru alichemka, na siri ikamtoka.

"Chumba hicho kilikuwa cha Bi. Minegishi, Mzee. Huyu anayekuogesha."

Mzee akageukia dirisha.

"Treni ameshaizoea," akasema. "Mimi jua jingine nitalitoa wapi?"

Minegishi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Alisikia kila neno. Aliliweka beseni chini taratibu, akavua aproni, akaikunja, akaiweka mapajani mwa mzee.

Mzee akauliza sasa nani atamwogesha.

"Kaa na jua lako, Mzee," Minegishi akajibu, akainama kwa heshima zote, akaenda kuvaa viatu.