Maksai Wawili wa Kushoto

Watu wa jumuiya yetu wakiisimulia habari hii huianzia kwenye mguu wangu. Mimi naianzia kwa Minza, mke wangu, maana angekuwepo, nisingeumia mguu.

Minza alifariki mwezi wa sita, mwaka tisini na sita. Homa ilimshika Jumanne. Jumatano alikuwa hajui tena anaongea na nani. Kigango chetu kilikuwa na baiskeli moja, tuliyopewa na parokia kwa ajili ya kubebea wagonjwa, na siku hiyo haikuwepo. Maige, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameipanda kwenda Bariadi kwenye semina ya viongozi. Siku tatu. Tukamlaza Minza kwenye mkokoteni, ng'ombe wakatembea mwendo wao wa ng'ombe, juani. Kwenye kituo cha afya tulichofikia, ambacho sitakitaja, tukaambiwa matibabu ya bure yamekwisha, siku hizi kila mtu anachangia. Nenda dukani ulete dripu, ulete sindano, ulete na glovu. Nilizunguka madukani mpaka nikapata. Niliporudi na ile dripu mkononi nilimkuta ameshafunikwa shuka mpaka usoni.

Nawalaumu wakubwa, na sitaacha kuwalaumu. Walituletea soko huria bila kutuuliza. Ushirika ukafa, wanunuzi wa pamba wakaja na magari yao na mizani yao, dawa ya kupulizia pamba ikawa ya mwenye fedha mkononi, na dawa ya binadamu nayo hivyo hivyo. Lakini wakubwa wa nchi wako mbali, hata ukiwanunia hawakuoni. Maige alikuwa karibu.

Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeongoza sala. Alipofika mahali pa kumwombea marehemu nikamkatiza.

"Baiskeli ulikuwa nayo wewe," nikasema. Watu wote walisikia.

Akaendelea na sala.

Tangu siku hiyo sikumsalimia. Jumapili kanisani, tukiambiwa tupeane amani, alikuwa anakuja mpaka kwenye benchi langu amenyoosha mkono, na mimi nafunga vifungo vya shati ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari. Jumuiya yetu ilikuwa inasali kila Alhamisi nyumba kwa nyumba. Ilipokaribia zamu yangu nikatuma ujumbe kwamba nyumbani kwangu wasikanyage. Wakaniruka. Mama mmoja tu, mayu Generoza kwa Kisukuma chetu, mjane kama mimi na mwenye ulimi usiolala, alinisimamisha njiani.

"Baba Elina, utasali na nani sasa? Na kuku?"

"Kuku hawaendi semina," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka.

Sasa nieleze habari ya maksai. Miaka tisa mimi na Maige tulilima pamoja. Yeye alikuwa na maksai mmoja, mimi mmoja, plau yangu, nira yake, na ng'ombe wote wawili walilala zizini kwake. Wa kwake alikuwa mweusi, anaitwa Kimya. Wa kwangu nilimwita Diwani, kwa sababu alikuwa wa kwanza kula na wa mwisho kusimama. Jina hilo Minza alilipenda sana, akawa anamwita ng'ombe kwa sauti kila diwani wetu wa kweli alipopita barabarani.

Anayelima na ng'ombe anajua kwamba maksai akishazoezwa upande mmoja, upande huo ndio wake mpaka anachinjwa. Kimya alikuwa wa kulia, anatembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa. Diwani alikuwa wa kushoto, anatembea juu kwenye majani. Ukiwapanga kinyume utakesha.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza nilikwenda kwa Maige na kamba.

"Nimemfuata ng'ombe wangu."

Alikuwa anachonga mpini. Akaniangalia, akaiangalia kamba.

"Mchukue, ni wako," akasema. "Ila utamfunga na nani? Diwani ni wa kushoto."

"Nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

Nikamchukua. Nikaenda kwa miguu mpaka Shishiyu, kwa shemeji yangu Mahona, kaka yake Minza. Aliniazima maksai mkubwa mwekundu, mwenye shingo kama gogo. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwona Maige akichungulia shamba langu limelimwa lote, na yeye ana ng'ombe mmoja. Sikumuuliza shemeji maksai yule ni wa upande gani. Miaka ishirini nalima na ng'ombe, na swali ambalo hata mtoto angeuliza mimi sikuliuliza. Hasira ilikuwa imekaa mahali pa akili.

Alikuwa wa kushoto.

Asubuhi ile tuliwafunga kwenye nira niliyoichonga haraka haraka, mimi nimeshika plau, binti yangu Elina yuko mbele anawaongoza. Elina alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameachika, amerudi nyumbani na watoto wawili. Hatukwenda hata hatua kumi. Yule mwekundu aliutaka upande wa Diwani, na Diwani hakuwa tayari kuutoa. Wakasukumana, wakazunguka, wakawa wanaangaliana.

"Baba, hawa wote ni wa kushoto!" Elina akapiga kelele.

"Waongoze!"

"Niwaongoze wapi? Wote wanataka kuja kwako!"

Nikampiga mwekundu kiboko. Akaruka, nira ikakatika katikati, plau ikapinduka, na jembe lake likanipitia juu ya mguu wa kulia. Nilikaa chini nikaona mfupa mweupe, halafu damu ikaja ikaufunika.

Elina alinifunga kwa kanga yake. Kwenye kituo sikukubali kwenda, nilishaapa tangu Minza alipofia pale. Akaniosha kwa maji ya chumvi kila siku. Kesho yake Mahona akaja mwenyewe kumchukua ng'ombe wake, akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka naye.

Nikalala. Kila mvua iliponyesha nilikuwa naisikia kama inaniuliza. Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa umeanza, majirani mahindi yao yameshatoka ardhini, pamba wameshapanda. Shamba langu lilikuwa majani matupu. Wiki moja zaidi na mwaka ungekuwa umepita, hakuna mahindi ya kula wala pamba ya kuuza, na watu wanne ndani ya nyumba. Kilichobaki kilikuwa kumuuza Diwani, na baada ya Diwani sijui tungeuza nini. Elina akajaribu kwa jembe la mkono. Jioni niliyaona malengelenge kwenye viganja vyake, nikageukia ukutani.

Alhamisi asubuhi nikasikia mnyororo. Mnyororo wa plau unajulikana, hausikiki kama kitu kingine. Halafu sauti za watu, wengi. Nikachukua fimbo nikatoka nachechemea, nimejiandaa kuwafukuza.

Walikuwa kumi na wawili, wamesimama kwenye mpaka wa shamba na majembe mabegani. Maige yuko mbele ameshika kamba ya Kimya, nira begani.

"Mwangaluka, Baba Elina," akasema.

Sikuitikia.

"Niliwaambia nyumbani kwangu msikanyage," nikasema.

Generoza akajibu kabla ya mwenyekiti wake, kama kawaida yake. "Na hatujakanyaga. Ulikataza nyumba. Shamba hukulikataza, mimi niliusikia ule ujumbe vizuri, niurudie tena?"

"Umeuleta mdomo wako shambani kwangu, mayu."

"Na jembe nimeleta. Chagua kimoja nianze nacho."

Wengine wakacheka chini chini. Maige hakucheka.

"Baba Elina, sikiliza," akasema. "Watu wa majembe watapanda nyuma yetu. Lakini kulima kunataka Diwani, na Diwani ni ng'ombe wako. Siwezi kufungua ng'ombe wa mtu zizini kwake bila kauli yake. Ukisema hapana, tutalima kwa mkono, tutafika tutakapofika. Ukisema ndiyo, leo hii shamba linakwisha. Sema wewe."

Hapo ndipo nilipobanwa. Ningetaka waingie bila kuniuliza, niwe nimedhulumiwa, nibaki na hasira yangu. Lakini wananiuliza. Na Elina amesimama mlangoni, mikono ameificha kwenye kanga, anasubiri baba yake aseme.

Nikasema lile lililokuwepo kooni miezi mitano.

"Baiskeli ulikuwa nayo wewe, Maige."

"Nilikuwa nayo mimi," akasema. "Na unajua semina ile ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kutufundisha kuwahudumia wagonjwa. Siku tatu tunafundishwa kuwahudumia wagonjwa, na baiskeli ya wagonjwa imeegemea ukuta pale nje. Nilirudi nikakuta kaburi linachimbwa. Hilo siwezi kulifuta. Nisamehe. Siku ya mazishi nilitaka kusema hivyo, nikaona nitakuwa najitetea mbele ya maiti."

Kimya alikuwa anang'oa majani yangu na kutafuna.

"Na sasa iko wapi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Baiskeli? Iko kwangu," akasema Generoza, safari hii taratibu. "Tuliamua baada ya arobaini ya Minza. Haitoki kijijini bila mgonjwa kukaa juu yake. Hata mwenyekiti akiitwa na askofu, atatembea."

"Nimeshatembea mara mbili," akasema Maige.

Nikamwangalia viatu. Vilikuwa kandambili za tairi, zimeliwa upande.

Kisha likanijia swali ambalo ningepaswa kuwa nalo tangu siku ile nilipokwenda na kamba.

"Kwako umeshalima?"

Akainua mabega. "Kwa ng'ombe mmoja?"

"Hukuazima?"

"Huyu Athanasi hapa alitaka kuniazima wa kwake. Nikasema ngoja kidogo. Nilidhani utarudi." Akasafisha koo. "Halafu nikasikia habari ya mguu wako."

Kwa hiyo watoto wake nao walikuwa wanaikodolea macho mvua kama mimi. Nilipomnyang'anya Diwani nilikuwa nimelaza mashamba mawili. Na yeye, shamba lake likiwa majani, amekuja kuanza na la kwangu. Wakubwa wa nchi hii wangejifunza hilo kwa siku moja, tungeishi. Lakini nisiwaseme sana wakubwa hapa, maana asubuhi ile mkubwa aliyekuwa amemfunga ng'ombe zizini, watu wakalala njaa, alikuwa ni mimi.

Sikusema ndiyo. Nilikwenda zizini mwenyewe kwa fimbo, hatua kwa hatua, Elina akataka kunishika nikamzuia, nikafungua mti wa mlango, nikamtoa Diwani, nikaiweka kamba yake mkononi mwa Maige. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anapokea kitu kutoka kwa mzee, ingawa yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne.

"Wabeja," akasema.

Yeye ndiye aliyenishukuru mimi. Hilo mpaka leo linaniumiza na kunifurahisha kwa pamoja.

Walilima. Mbele maksai, nyuma wanawake wanadondosha mbegu, wengine wanafukia kwa miguu. Hapakuwa na mahubiri, hakuna aliyenisomea kitabu. Mtu ambaye sikumtegemea, mzee Constantine, ambaye mwaka uliopita nilimtukana kwa ajili ya mbuzi, alikuwa anang'oa visiki peke yake kwenye kona. Ilipofika saa saba, nusu ya shamba ilikuwa mahindi na nusu pamba, na ardhi nyeusi imelala wazi.

Elina alipika ugali kwa unga wote uliokuwemo. Mboga ilikuwa maziwa ya mgando na mlenda. Sahani zilikuwa tano, watu kumi na sita. Mahali pa kula pakawa tatizo, kwa sababu nilikuwa nimewakataza nyumba, na wao wakakaa juani kwenye mpaka, wakaidi kama nini.

"Ingieni uani," nikasema.

"Ni nyumba au ni shamba?" akauliza Generoza.

"Ni nyumba, mayu. Ingia, ule, unyamaze."

"Kula nitakula."

Wakaingia. Maige akaniambia nishukuru chakula, mimi ndiye mwenye mji. Nilikuwa sijasali kwa sauti tangu mwezi wa sita. Nikasimama kwa mguu mmoja na nilichoweza ni kuwataja. Nikamwambia Mungu, asante kwa Generoza. Asante kwa Athanasi. Asante kwa Constantine. Nikawamaliza wote kumi na wawili, na Maige nikamtaja wa mwisho, jina lake lilitoka kwa shida lakini lilitoka. Halafu nikamtaja Minza, nikashindwa kuendelea. Watu wakaitikia amina, tukala ugali kwa zamu.

Ijumaa walikwenda kwa Maige. Nikasema nami nakwenda. Generoza akaleta baiskeli.

"Wewe ni mgonjwa," akasema, "sheria inakuruhusu."

Nikasukumwa juu ya baiskeli ile ile mpaka shambani kwa Maige, mguu umening'inia. Njiani nililia kidogo, nikasema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Waliniweka kwenye kichuguu pembeni, nikapewa beseni la mbegu za pamba nichague mbovu nizitupe. Nilichagua kutwa nzima, na Maige alipita mbele yangu na maksai wetu, anakwenda, anarudi.

Kila akifika mwisho alisimama kuwapumzisha.

"Mistari inakwendaje?" akaniuliza.

"Imepinda."

"Wapi?"

"Pale katikati. Na kule."

Akageuka akaangalia kwa muda mrefu, amekunja uso juani. "Sioni."

"Njoo usimame hapa nilipo utaona."

Akaja, akaketi karibu nami kwenye kichuguu, akafuta jasho, akaanza kueleza kwamba plau inahitaji kukazwa nati. Nikamwacha aeleze. Mistari ilikuwa imenyooka kabisa. Nilitaka tu akae.