Jua la Uthiru, Mvua ya Limuru

Sufuria ya pilau ilikuwa mikononi mwa wanawake wanne, na mimi mbele yao nikitembea kinyumenyume, nikiwapungia mkono kama askari wa trafiki. Panda! Panda! Pilau yenyewe haikuwa imeiva. Kifuniko kiligongagonga, mvuke ukatuchoma vidole, na kule nyuma bondeni Susu Syokau, nyanya wa ukoo mzima wa marehemu mume wangu, alikuwa akipiga kelele bila kuinuka kitini: “Wavinya amerogwa! Anahamisha chakula cha watu!”

Jua liliwaka Uthiru yote. Hapakuwa na wingu hata la kufunikia kikombe. Ilikuwa saa tano na nusu, Jumamosi ya Novemba, na wakwe wangefika saa saba.

Wakwe hao walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa, binti amekwisha kuolewa. Mengine yote ni sherehe tu. Binti alikuwa Kasiva wangu, mtoto wangu wa pekee. Na wazee wetu hawana mchezo na siku hiyo. Ikiharibika, watu wakikimbia ovyo, mbuzi wakitawanyika, watasema siku imekataa, mrudi mwakani. Nyumba yangu ya mtaa wa Satellite ni vyumba viwili, na orodha yangu ya wageni ilikuwa watu mia mbili na kumi, maana mimi sijui kualika nusu. Kwa hiyo kamati ikakodi uwanja.

Aliyeuchagua ni shemeji yangu Mwangangi, kaka mkubwa wa mume wangu. Aliuona mara moja tu akaupenda: tambarare kama meza, kando ya kijito, nyasi mbichi zinang'aa wakati mitaa yote ilikuwa vumbi. Sisi ni watu wa Mwingi. Tukiona nyasi mbichi tunavua viatu. Baba mkwe wa Kasiva, mzee Waweru, amezaliwa hapo hapo Uthiru na angetuambia habari za kila shimo, lakini nani atamwuliza mkwe amsaidie kutafuta pa kumkaribishia? Afadhali ukose chumvi ukaombe kwake.

Miaka miwili imepita sasa, na bado nikifumba macho nauona ule ua wa waya.

Kabla ya ua, niseme jambo moja. Mimi nauza chakula Satellite, na kibandani kwangu habari huiva kabla ya maharagwe. Nani amehamia kwa nani, nani amerudishwa kwao, njoo kwangu, kaa, utapata na chai. Lakini kulikuwa na habari moja niliyoikalia mwaka mzima kama kuku. Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa, nilikuwa nikimwachia jirani yangu Waceke kibanda, nasema naenda mjini kutafuta viungo. Uongo. Nilikuwa napanda ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya River Road, naketi kwenye dawati na watoto wa watu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilikuwa kidato cha pili.

Somo lililonishika ni jiografia. Mwalimu wetu, Debra, msichana mwembamba mwenye sauti ya mhubiri, siku moja alikunja gazeti likawa milima na mabonde. Akapaka wino kwenye vilele, kisha akanyunyizia maji upande wa juu tu. Wino ukateremka polepole, mistari myembamba ikikutana na kunenepa, mpaka yote ikajaa kwenye mkunjo wa chini kabisa.

“Hapa chini nimenyunyizia tone?” akauliza.

“Hapana, mwalimu.”

“Na nani amelowa?”

Sikulala vizuri siku hiyo. Maisha yangu yote Nairobi nilidhani mvua ni ya yule inayemnyeshea.

Basi asubuhi ya ntheo nilifika uwanjani na sufuria zangu, nikauona ua. Kwenye waya, kimo cha kiuno changu, zilikuwa zimening'inia nyasi kavu, matambara, na kiatu kimoja cha mtoto. Zote zimelala upande mmoja, upande wa mashariki. Nani amezianika? Nikainama nikachimba kwa kidole: chini ya nyasi, udongo mweusi, unanata kama unga wa chapati. Nikainua macho kaskazini-magharibi, upande wa Limuru, ambako kijito kile huanzia. Huko juu wingu lilikuwa limesimama, tako lake jeusi, kichwa chake kimepanuka kama uyoga.

Nikamwendea shemeji. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, anawaelekeza watu wa tenti kwa fimbo.

“Shemeji, tuhamie kule mteremkoni.”

“Kwa nini, Mama Kasiva?”

“Maji.”

Akaitoa simu, akanionyesha. “Jua. Unaona? Inasema jua. Juu kuna jua. Mimi nimefanya kazi serikalini miaka thelathini, kama kungekuwa na mvua ningeambiwa.”

“Sijasema itanyesha hapa.”

“Itanyesha wapi?”

Nikanyoosha kidole. Alicheka mpaka akashika mlingoti wa tenti. “Limuru! Sasa mvua ya Limuru inatuhusu nini? Tumealikwa huko?” Wanaume wenzake wakacheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama. “Na nani amekuambia mambo haya?”

Ulimi wangu Satellite nzima inaujua, lakini hili? Niseme nini? Kwamba mamake bibi harusi anabeba kalamu na rula mkobani? Niliyaona maneno yakitoka pale yakifika Mwingi kabla ya jioni.

Nikamwacha. Nikaenda jikoni, kwa wanawake.

“Tunahama,” nikamwambia Waceke.

“Tunahama tunaenda wapi? Pilau iko motoni.”

“Waceke, nimewahi kukudanganya?”

“Mara nyingi.”

“Kuhusu chakula?”

Akafikiri. “La, hiyo hapana.” Akafunga leso kiunoni, akashika mkono wa sufuria.

Sufuria zilipopanda, kuni zikafuata. Kuni zikafuatwa na soda, soda zikafuatwa na vijana wa ukoo. Quincy, mwenye tenti, alisimama katikati akitazama juu, akitazama chini. “Mathe, mimi kamba zangu hufuata nyama,” akasema, akaanza kung'oa vigingi. Mwangangi akabaki uwanjani na Susu na viti sita. Ilipotimu saa sita na nusu alipanda akihema, Susu akiwa amebebwa pamoja na kiti chake, akilaani.

Mteremko ule haukuwa mzuri, nisidanganye. Viti viliinama upande mmoja, wageni wakaketi kama mafundi wa mabati. “Tumeaibika,” Mwangangi akanong'ona wakwe walipoingia wakiimba. “Watasema Wakamba wanakula wakiteleza.”

Ikafika saa nane. Mzee Waweru akasimama, akaishika kamba ya mbuzi wa kwanza, akaiweka mkononi mwa shemeji yangu. Wa pili. Wa tatu alipokuwa akikabidhiwa, tukasikia kitu kama lori linamwaga kokoto.

Maji yalikuja na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuja na migomba mizima, na mlango wa zizi, na pipa likizunguka kama linacheza. Hayakuja kwa kijito. Yalikuja kwa uwanja mzima, toka ua hadi ua, yakaufunika ule ubichi wote kwa muda wa kusema Baba Yetu. Pale ambapo meza kuu ingekuwa, mgomba ulisimama, ukageuka, ukaenda zake. Na juu ya yote hayo jua lilikuwa linawaka, maji yanametameta. Hakuna kiatu kimoja kilicholowa. Mbuzi hawakuinua hata vichwa.

Shemeji bado alikuwa ameshika kamba zote tatu.

Wa kwanza kupata sauti ni Susu. “Ndoto!” akapiga kelele, mikono juu. “Mungu amemwotesha Wavinya! Mimi nilijua tangu asubuhi!” Vigelegele vikapasuka tenti hadi tenti. Nikavutwa katikati, nikapewa kipaza sauti. Mzee Waweru akanijia, kofia mkononi.

“Mama, hapa chini baba yangu hakuturuhusu kufunga ng'ombe. Nilipokuja niliogopa kuwakuta huko. Kweli uliota?”

Ndoto ingenitosha. Ingenipa heshima ya maisha, na hakuna ambaye angeicheka. Nikawatazama watu mia mbili na kumi, ambao wengi wao nimewasema mimi mwenyewe.

“Sikuota, mzee,” nikasema, na kipaza sauti kikabeba mpaka ng'ambo ya maji. “Nimesoma. Niko kidato cha pili, River Road, ghorofa ya tatu. Ni jiografia.”

Ukaanza ule mnong'ono wa safu ya nyuma. Naujua, nimeuanzisha mara nyingi. Nikausubiri umalize kuzunguka. Shemeji Mwangangi akakohoa, akapokea kipaza sauti kwa mkono uliobaki, akatoa kifua mbele. “Huyu,” akawaambia wakwe, “ni wa kwetu.”

Kasiva alikuwa amekwisha kufika ubavuni mwangu na leso zake mpya, macho yamejaa.

“Mwaitu, mama yangu, mtihani ni lini?”

“Jumanne.”

“Basi leo vyombo usiviguse,” akasema. “Tutaosha sisi.”