Vifungo vya Kome

Jumanne moja ya mwaka 1979, Swafiya alikuwa barazani kwake mtaani Biryogo akimalizia gauni la shule la binti yake Uwamahoro. Vifungo alikuwa amechongewa na baba yake mdogo, mzee Maneno, kwa magamba ya kome wa kijito cha Nyabugogo.

"Mwaka huu nyama yao hailiki," mzee alisema. "Matamvua ya kupumulia yamechanika kama matambara, ini jeusi. Ile dawa ya wadudu ya kwenye kahawa inashuka yote bondeni."

"Na gamba?"

"Gamba iko sawa."

Swafiya akakaza kifungo cha mwisho, cha shingoni.

Kesho yake Uwamahoro alirudi na kiu, akachota maji mtungini. Kifungo cha shingoni kikabana hata funda likakataa kushuka. Akatema. Kikalegea. Swafiya akampa maji ya bomba, yakashuka vizuri.

"Ya mtungini uliteka wapi?"

"Kijitoni, mama. Bomba ilikuwa na foleni."

Swafiya akayamwaga mtaroni, akarudi kwenye cherehani. Jioni kuku wa jirani Mukantwari akanywa mtaroni, akafa. Swafiya akampelekea Mukantwari kuku mwingine, akamshukuru Mungu kwamba alikuwa kuku tu.

Mwezi haukuisha, Biryogo nzima ikavaa vifungo vya kome. Watu walilalamika tu kwamba Maneno anachonga polepole.

Habimana, msimamizi wa wapuliza dawa, naye alishonewa shati. Alilivaa palepale, halikufunguka tena.

"Mama Uwamahoro, hii shati imenikaba."

"Unanuka dawa."

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Basi utalala nayo."

Alilala nalo siku tatu. Ya nne Swafiya akamhurumia, akavikata vile vifungo, akamshonea vya plastiki. Habimana akashukuru sana, akapanda lori lake la dawa.

Ijumaa, baada ya sala, Swafiya na bintiye walishuka Nyabugogo na ndoo ya maji ya bomba. Swafiya akayamimina taratibu kwenye kidimbwi cha ukingoni walimokaa kome.

"Ahsanteni," akasema. "Mtoto wangu mzima."

Kome wakafunguka kidogo, wakanywa. Kisha lori likasikika likipanda kwenye mashamba ya kahawa. Wakajifunga wote kwa pamoja, na kifungo cha Uwamahoro nacho kikabana.

"Pumua kwa pua," Swafiya akamwambia, akaokota ndoo. Ijumaa ijayo angeleta mbili.