Matone Mekundu Uani kwa Rosnidar

Watu wote walikuwa wanautazama mdomo wangu. Tangu nilipokuwa mchumba sikuwahi kutazamwa mdomo namna ile, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na nia ya kuusifu. Chini, kwenye vigae vyeupe vya ua wa Rosnidar, palikuwa na matone mekundu, yametapakaa karibu kabisa na mahali niliposhukia garini.

"Mama," Rosnidar, mama wa kijana tuliyemfuata, akaniambia, kwa upole ule unaochoma kuliko matusi, "kopo la kutemea lipo pale mlangoni. Ungesema tu, tungekuletea."

Mimi ni mla tambuu, na mate ya tambuu ni mekundu, hilo sikatai. Meno yangu, yale yaliyokubali kubaki, ni meusi kama mbegu za papai. Lakini siku ile mjukuu wangu Yusnelly alikuwa amenishika miguu. "Bibi, leo tu. Usitafune mpaka turudi." Nikamkubalia. Tangu alfajiri sikuwa nimeweka jani mdomoni, na nilikuwa na hasira za mtu aliyefunga bila kupenda.

Tulikuwa tumepanda kutoka kwetu Pariaman hadi mji wa milimani wa Padang Panjang kumposea Yusnelly mume. Kwetu upande wa mke ndio unaobisha hodi, na mjomba wa binti ndiye anayesema kwa niaba ya ukoo. Mjomba mwenyewe, kwa upande wa mama yake Yusnelly, alikuwa mdogo wangu Syafril, na gari lilikuwa lake, kongwe kuliko Yusnelly, analisugua kila Ijumaa kama fahali wa mashindano. Pariaman nzima ilimjua kwa vitu viwili: ulimi wake na gari lake.

Kwenye kona za bonde la Lembah Anai mshale wa joto la injini ulipanda. Syafril akafungua hita ili injini ipoe, na wanawake watano tukabanikwa humo ndani na mabegi yetu.

"Anatukausha," shangazi Nurlis akasema. "Tukifika atatuuza pamoja na dagaa."

Mimi nilisikia harufu tamu, kama sukari inayoungua sufuriani. "Simama tuangalie," nikamwambia.

"Dada, tusimame njiani na boneti wazi, wakwe wapite watuone? Huo mshale umezeeka tu. Kama wewe."

Tulicheka. Nami nilicheka.

Sasa pale uani, kabla sijafungua kinywa kujitetea, niliona tone jingine likianguka nyuma ya gurudumu la mbele. Jekundu, taratibu. Syafril naye aliliona. Akasogea hatua moja, akalikanyaga, akasimama juu yake kama mtu aliyependa tu kusimama pale.

"Mtuwie radhi," akasema, akitabasamu kwa wenyeji. "Dada yangu ameshakuwa mtu mzima. Mdomo wake haumsikilizi tena."

Wenyeji wakacheka kwa adabu. Masikio yangu yaliwaka moto. Neno moja tu lingetosha. Lakini mjomba aliyekuja kuposa kwa gari linalovuja angesema nini ndani ya nyumba ile kikasikika? Nikafunga mdomo, mdomo mkavu kuliko yote uani.

Ndani, Syafril alisema vizuri mno. Alizunguka, akapinda, akarudi, hata wazee wa upande wa pili wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Sinia la tambuu likapitishwa mkono kwa mkono. Lilipofika kwangu, Rosnidar alilinyanyua juu ya magoti yangu akampa Nurlis. Kwetu kurukwa na sinia ni kuambiwa hukuja. Hilo ningelimeza. Nilichoshindwa kumeza ni macho ya Yusnelly. Alinitazama mara moja, yamejaa machozi, kisha hakunitazama tena. Alidhani nimevunja ahadi.

Posa ikakubaliwa.

Wakati wa kuaga nilimkuta Syafril pembeni ya gari na birika la kutawadhia, anamimina maji chini ya boneti.

"Maji haya yatatufikisha," akaninong'oneza. "Kurudi ni mteremko tu, dada. Usinivunjie heshima leo."

Yusnelly alikuwa tayari ameketi kiti cha mbele, anajifunga mkanda. Niliziona zile kona akilini, ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande ule. Nikaenda hadi alipo Rosnidar, nikasimama mbele yake, nikamtolea ulimi.

"Mama!" akaruka.

"Tazama. Tazama vizuri, sitakutolea tena."

Ulimi wangu ulikuwa mweupe kama wa ndama. Rosnidar akautazama, kisha akatazama chini ya gari, ambapo matone sasa yalikuwa dimbwi. Akachuchumaa, akagusa, akanusa kidole. Nami nikachovya changu nikakipeleka mdomoni.

"Usionje! Hiyo ni sumu! Ni maji ya rejeta hayo, yana dawa nyekundu ya kupoza injini," Rosnidar akasema.

Marehemu mume wa Rosnidar alikuwa na lori la kabichi, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Akatandika katoni chini ya injini. "Washa," akamwambia Syafril, naye akawasha. Matone yalidondoka sehemu moja, mbele, na alipokanyaga mafuta, yakafuatana. Rosnidar akapapasa mpira wa juu wa rejeta: mkavu. Akachomoa kijiti cha oili, akakiinua kwenye mwanga: oili nyeusi, haina weupe wa maziwa wa oili iliyoingiwa na maji.

"Gasketi nzima, bado haijaungua. Ni pampu ya maji. Ila kwa kona zile msingefika chini." Akamgeukia Syafril. "Ulikuwa unajua?"

Syafril akainama. Alikuwa anatazama kiatu chake. Ukingo wa soli ulikuwa mwekundu.

Rosnidar aliagiza sinia la tambuu liletwe uani, akanikunjia jani kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kila mtu. Yusnelly akaja kunikumbatia, analia. Ningefurahi. Lakini jani lilikuwa kama karatasi kinywani, kwa sababu macho yote sasa yalikuwa kwa mdogo wangu, kama yalivyokuwa kwangu asubuhi, na yeye hakuwa na ulimi wa kutoa.

Tulishuka kwa lori lile la kabichi. Wanawake tulibanana mbele tukamwachia Syafril nafasi, lakini alipanda nyuma na magunia. Njia nzima sikugeuka kumtazama.

Harusi ilifanyika mwezi wa mavuno. Watu walikaa, wakanyamaza, wakangoja mjomba azungumze. Aliyesimama mahali pa Syafril ni binamu yetu Bakhtaruddin. Alisema vizuri, hakukosea neno hata moja. Syafril alikuwa nje barabarani, anawaelekeza wageni mahali pa kuegesha magari yao.