Kumzika Wilf kwa Simu

Wilf Tyson alipanda mlimani asubuhi kuwatazama kondoo wake, akasema atarudi kula mchana. Ukungu ukashuka. Alasiri mbwa aliyefuatana naye alirudi peke yake, amelowa chepechepe.

Enid, mkewe, hakukalika. Alichemsha maji ya chai, akayasahau, akayachemsha tena. Alifuta meza iliyokwisha kuwa safi. Waokoaji walikuwa wamepanda na kamba zao, nasi tuliobaki jikoni tulikuwa watatu: yeye, mimi jirani yao, na Muriel, dada yake Wilf, mtu asiyejua kunyamaza.

"Alikupenda sana, wifi yangu," Muriel akasema. "Hilo ulijue."

Enid akageuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Ananipenda! Nani kakwambia habari za 'alikupenda'?"

"Jamani, ulimi tu umeteleza."

"Basi uufunge, kabla sijakutoa nje na mvua hii!"

Kwa Kiingereza chao, kati ya "anapenda" na "alipenda" kuna herufi moja tu, tena ya mwisho. Ukipiga chafya inakupita. Siku ile haikumpita mtu.

Simu ikalia. Alikuwa Colin, mtoto wao wa pekee, aliyekosana na babake tangu alipolikataa shamba na kuhamia mjini Leeds.

"Mama, nimesikia habari za Baba. Mara ya mwisho nilimtukana. Ananichukia?"

"Hata kidogo, mwanangu. Baba yako alikupenda, siku zote ali..."

Akakwama.

"Umesemaje?"

"Nimesema anakupenda."

"Hukusema hivyo, Mama." Simu ikakatwa.

Hapo ndipo Enid alipoketi. "Nimemzika, Muriel. Kwa mdomo wangu mwenyewe." Muriel, aliyetukanwa muda mfupi tu uliopita, hakumcheka. Alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Kabla ya giza kuingia, waokoaji walipiga simu. Wilf amepatikana korongoni, mguu umevunjika, baridi imemtafuna, na anatukana kila anayemgusa. Enid alitoka mbio na kandambili za ndani.

Kesho yake nilimpeleka Enid hospitali kumwona. Colin naye akafika, akampita mama yake bila salamu, akasimama kando ya kitanda cha baba.

"Nani kakuita?" Wilf akauliza.

"Mama alisema ulinipenda."

Wilf akamtazama mkewe. "Ukungu haujainuka, mwanamke keshanitia kaburini!" Akacheka mpaka akakohoa.

Colin hakucheka. "Ni kweli au si kweli?"

Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia Wilf akilitamka neno hilo. Akavutavuta shuka. Akatazama mguu wake uliofungwa.

"Nakupenda, mpumbavu wewe," akasema. "Vuta kiti."

Nilipogeuka, Enid hakuwepo. Nilimkuta nje, anakwenda na kurudi kwenye korido, mikono kwapani.

"Wanaongea," nikamwambia. "Ingia basi."

"Naingia," akajibu, akaenda tena mpaka mwisho wa korido.